Vipimo vya Dada

Machi 3, Jumatatu

Mvua imeanza, na bati la duka limevuja palepale linapovuja kila mwaka, juu ya meza ya kukatia. Nimeweka ndoo, nimehamisha vitambaa, nimekaa kuandika. Daftari la vipimo ni la wateja. Hili ni la yale ninayoyameza nikiwa na pini mdomoni.

Leo amekuja dada yangu. Ni mwalimu, ana miaka hamsini na miwili, na tarehe thelathini Mei anakabidhiwa shule yao awe mwalimu mkuu. Ameleta kitambaa cha buluu iliyoiva, kizuri kupita kiasi, nimshonee gauni la siku hiyo. Nikazungusha futi. Kifua mia moja ishirini na nne. Kiuno mia moja kumi na nane. Kwenye nyonga futi ilibakiza kipande kifupi tu. Nilisoma vipimo vyote kwa sauti, polepole, na wateja wawili wakiwa kwenye benchi.

"Usikate kwanza, mdogo wangu," akasema. "Nimeanza sindano."

"Ya nini?"

"Ya kupunguza uzito. Daktari amenipa kwa sababu ya presha na haya magoti. Najichoma mwenyewe tumboni, moja kila Jumamosi. Inakata hamu ya kula."

Nilicheka mpaka pini zikanitoka. Kuna watu wanachomwa sindano ya pepopunda, kuna wanaochomwa ya kichaa cha mbwa. Dada yangu anachomwa ya wali.

Machi 4

Mvua. Mapazia manne.

Machi 9, Jumapili

Chakula cha mchana kwa dada. Mumewe ni fundi wa mitambo, nusu ya mwezi yuko safarini, na siku akiwepo anataka meza ijae. Alinipokea mlangoni na uso wa mfiwa.

"Karibu, shemeji. Tangu aanze kujichoma hiyo kitu, jiko limekufa ganzi. Jana nimekula mkate mkavu."

"Mikono si unayo," dada akajibu kutoka ndani.

Tulikaa. Mimi huhesabu, nimemhesabia tangu tukiwa watoto, hata nisipotaka macho yanakwenda yenyewe. Vijiko saba vya wali, kipande kimoja cha kuku, akasukuma sahani.

"Nimeshiba," akasema.

Neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwake. Alilisema kama mtu anayejaribu kiatu dukani, anapiga hatua mbili, anasimama, anaangalia chini. Nikamwambia maigizo hayo ayapeleke shuleni.

Mimi mwenyewe nilibakiza nusu sahani. Kwangu hakuna anayeshangaa. Jina langu ni Ufito tangu shule ya msingi. Mimi husahau kula. Watu wamenisifia hilo maisha yangu yote, na nakiri sijawahi kuwaomba waache.

Machi 15

Bitana tatu za makoti zimeota ukungu. Pasi haikaushi vizuri kitu chochote. Nimemgombeza kila aliyepita.

Machi 22, Jumamosi

Kiuno mia moja kumi na sita. Sentimita mbili kwa wiki tatu. Nikamuuliza kama hiyo sindano ina dawa au ina maji ya bomba.

Dada hakukasirika. Alikaa kwenye benchi, hakukuwa na mteja, mvua ilikuwa inapiga bati mpaka tunapaziana sauti. Akaanza kunieleza jambo, na nikawa naendelea kushona ili ajue halinihusu.

"Kichwani mwangu," akasema, "kuna mwanafunzi mmoja. Amenyoosha mkono tangu nikiwa mdogo. Mwalimu, kuna mkate kabatini. Mwalimu, jana ulibaki wali. Mwalimu, ofisini wameleta keki. Nikimjibu ananyamaza dakika tano, halafu mkono juu tena. Nafundisha hesabu huku nafsi yangu iko kwenye karanga zilizo ndani ya mkoba. Naamka naye, nalala naye."

"Mtoe darasani."

"Miaka arobaini namtoa, anaingilia dirishani. Sasa wiki hii, Alhamisi, nilikuwa nasahihisha madaftari. Nikamaliza yote. Nikakumbuka kwamba kwenye droo kuna biskuti, na kwamba sijaziwaza tangu asubuhi. Nikageuka kumtafuta. Hayupo." Machozi yalikuwa yamemlengalenga. "Ndivyo mnavyoishi nyie? Kimya hivi?"

Nikamwambia anipishe, amekalia mkasi.

Machi 27

Sasa ni ugonjwa wa mtaa mzima. Mama mmoja wa ofisi ya bima ameleta sketi tano zipunguzwe, na ameninong'oneza sababu kama mtu aliyeiba. Huyu naye anachoma. Anasema hata soda aliyokuwa akinywa kila saa kumi, sasa akiiona ni chupa tu. Ukiwasikiliza utadhani wameokoka. Mtu amefungua mdomo miaka thelathini bila kuuwekea mlango, halafu anataka tumvulie kofia kwa sababu amechomwa sindano.

Kila sketi ninayoipunguza naacha kitambaa cha kutosha ndani ya mshono. Nawajua. Watarudi.

Aprili 1

Mvua. Ndoo mbili sasa.

Aprili 7, Jumatatu

Kiuno mia moja kumi na tano. Dada anasema juzi Jumamosi daktari amempandishia dozi, wanapandisha taratibu, mwezi kwa mwezi, mwili uzoee. Alikuwa amefurahi. Alikuja amevaa sketi aliyoiacha miaka miwili, akazunguka mbele ya kioo changu.

Dukani kulikuwa na watu. Mama wa bima alikuwepo, na fundi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, huyu ninayemwita Mkasi Butu, alikuwa amekuja kuazima sindano ya cherehani. Nikashusha futi shingoni, nikasema:

"Mwezi mzima, sentimita tatu. Yaani hata sindano umeimeza ikakosa nguvu."

Walicheka. Mkasi Butu hakucheka, lakini yeye ni mtu mzito wa kuelewa. Dada alicheka pia, kicheko cha haraka, halafu akavua sketi nyuma ya pazia na kuondoka bila kuaga.

Utani mzuri ule. Nimeurudia mwenyewe mara mbili nikifunga duka.

Aprili 10, Alhamisi

Dada amepiga simu saa nne asubuhi. Mumewe yuko safarini, binti yao yuko chuoni. Anasema anatapika tangu jana, hata maji hayakai. Sauti ilikuwa ndogo, ya kudeka.

"Njoo mdogo wangu, nimelegea."

Nilikuwa na sare kumi na mbili za watu wa hoteli, za kuchukuliwa kesho. Nikamwambia sindano si aliitaka mwenyewe? Anyonye limau, alale. Nikamwambia na hili: "Si ulitaka kukosa hamu? Basi umeipata."

Akakata simu.

Aprili 11

Sare zimekwenda. Sikupiga simu. Nilisema atapiga yeye.

Aprili 14, Jumatatu

Naandika kwenye benchi la korido ya hospitali. Niandike kwa mpangilio, maana kichwa changu kimevurugika.

Jumamosi saa tatu asubuhi binti yake alinipigia. Alikuwa amerudi nyumbani kwa mapumziko, akamkuta mama yake sakafuni, kati ya kitanda na mlango wa bafu. Alikuwa ana fahamu lakini hasimami. Midomo imepasuka. Nilipofika tayari walikuwa wanambeba kumwingiza kwenye gari la jirani, na kati ya watu wanne waliombeba hakuna aliyetania kuhusu uzito. Nilishika miguu. Miguu ilikuwa baridi.

Tulipofika mapokezi akanigeukia.

"Mama mdogo, alikupigia Alhamisi. Nimeona kwenye simu yake. Mmeongea dakika mbili."

"Sikujua kama..."

"Ulimwambia nini?"

Nikageukia dirisha la mapokezi, nikaanza kutaja jina la mgonjwa. Mimi, ambaye sijawahi kukosa jibu.

Wamemwekea dripu. Daktari anayemtibu ni mwanamke mfupi, anavaa viatu vya raba na hana muda. Alitoka jana jioni akatueleza kwamba maji yalikuwa yamekauka mwilini mpaka figo zikaanza kushindwa kazi. Kwamba siku mbili zaidi tungekuwa tunazungumza mengine. Kisha akauliza:

"Nani anajua kwa nini alichoma mara mbili?"

Hatukumwelewa.

"Alichoma dozi yake Jumamosi, mpya, ya juu. Akachoma nyingine Jumanne. Hairuhusiwi. Dawa hii inakaa mwilini wiki nzima, ukiongeza juu yake tumbo linagoma kabisa. Mwenyewe anasema alitaka iende haraka, na kwamba Alhamisi alipiga simu, hakuna aliyekuja."

Jumanne. Siku moja baada ya Jumatatu ile ya utani.

Na nikafanya kile ninachokijua, nikashambulia.

"Daktari, lawama ni zenu," nikasema. "Mnampa mtu sindano badala ya kumwambia afunge mdomo."

Aliniangalia kuanzia juu mpaka chini, akauona mwili wangu, nadhani akaelewa kila kitu.

"Wewe unapokula, nini kinakuambia imetosha?"

"Hamu inaisha."

"Inaisha yenyewe, au unaifukuza?"

"Inaisha tu."

"Inaisha kwa sababu utumbo wako unatuma taarifa kwenye ubongo kwamba imetosha, na taarifa inafika. Kwa dada yako inafika imechelewa, tena dhaifu, na kile kinachodai chakula hakinyamazi hata tumbo likiwa limejaa. Dawa inafanana na ile taarifa. Inaipa nguvu, na inafanya chakula kikae tumboni kwa muda mrefu zaidi. Hakuna zaidi ya hapo. Wewe ulizaliwa nayo bure." Akatazama saa. "Kuna mtu alimcheka?"

Binti aliinua uso, akaniangalia.

"Mimi," nikasema.

"Basi angalau Alhamisi ungekuja," akasema daktari, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Aprili 15

Figo zinarudi. Amekunywa vijiko sita vya uji mwepesi. Nilihesabu, halafu nikajikuta naomba viwe saba.

Aprili 19, Jumamosi

Ametoka hospitali. Sindano zimesimamishwa kwanza. Shemeji amerudi, ananiita "mama fundi" badala ya shemeji.

Aprili 26

Mvua, mvua, mvua. Mama wa bima amekuja akaniambia, "Eti sindano ilimlaza dada yako hospitali? Ule utani wako nilimsimulia mume wangu, tulicheka!" Nimemrudishia sketi zake kabla ya kumaliza mshono wa tano.

Mei 6, Jumanne

Shemeji amesafiri tena, binti amerudi chuoni, shule imefungwa, kwa hiyo nafunga duka saa saba na kwenda kukaa na dada. Hakuniomba. Ananifungulia mlango, basi.

Leo nilikuwa nafagia sebule, nikasikia kimya kirefu jikoni. Nikaenda. Alikuwa amesimama mbele ya kabati, mlango wazi, mkate mkononi, nusu yake imeshaliwa bila siagi, bila chai, bila kukaa. Tulikuwa tumemaliza kula dakika ishirini zilizopita. Machozi yalikuwa yanamtoka huku anatafuna. Sijawahi kumwona mtu akila hivyo. Au nimemwona mara elfu na sikuwahi kuangalia juu ya kidevu.

"Amerudi," akasema.

"Nani?"

"Yule mwanafunzi. Wiki ya pili sasa. Afadhali nisingejua kimya kilivyo."

Nikanyoosha mkono nimpokonye mkate. Ni mazoea. Akaurudisha kifuani kama mtoto, na hapo nikamwona akiwa na miaka kumi na mmoja, kwenye jiko la mama, mkate uleule kifuani, na mimi wa miaka saba mlangoni nikipiga kelele: mama, anakula tena! Alichapwa. Mama akafunga kufuli kabatini, na ufunguo nikapewa mimi, kwa sababu mimi nilikuwa na adabu. Nilivaa ule ufunguo shingoni mwaka mzima. Nilikuwa naupenda kuliko mkufu.

"Dada, nisamehe," nikasema. Neno gumu kama mfupa wa samaki.

Akameza kwanza. Akajifuta.

"Kwa lipi? La simu? La dukani? Ulinihesabia matonge tangu nikiwa mtoto. Nikiwa bibi harusi ulikuwa unanihesabia. Juzi hospitalini nimekusikia, vijiko sita, umenong'ona. Sina la kukusamehe leo. Nikilipata nitakuambia."

Kisha akaurudisha mkate kabatini, akaufunga mlango, akaweka kiti mbele yake na kukikalia. Alikikalia mpaka saa kumi na moja. Nilikaa naye. Nguo yake ilikuwa imelowa jasho mgongoni, kama mtu anayezuia gari lisiteremke mlima.

Mei 8

Nimefanya jaribio la kijinga. Nimenunua pakiti ya biskuti, nikaifungua, nikaiweka kando ya cherehani tangu jana asubuhi, nione nitakavyopigana nayo. Saa sita mchana niliikuta imefunikwa na mabaki ya kitambaa. Nilikuwa nimeisahau. Leo sikula mpaka jioni, nikapata kichwa kuuma tu. Hapakuwa na mtu wa kunivuta nguo, hapakuwa na mkono juu.

Miaka arobaini na minane nimetembea kifua mbele kama niliyeshinda vita. Vita vyenyewe sikuwahi kuitwa. Na yule aliyepigana kila siku, tangu kifungua kinywa, ndiye niliyemwita mvivu.

Sina hasira na mtu yeyote kama niliyonayo na Ufito.

Mei 11, Jumapili

Dada amekuja mwenyewe dukani, akaomba kitambaa chake cha buluu. Nilikuwa nimeshakikunja vizuri, nimenunua na vifungo.

"Nampelekea yule wa ng'ambo," akasema.

"Mkasi Butu? Dada, yule hajui bega! Yule anashona magunia!"

"Siku ile hakucheka," akasema, akaweka kitambaa kwenye mfuko.

Nilisimama mlangoni nikamwangalia akivuka barabara na kukwepa madimbwi. Mkasi Butu alimfungulia pazia kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mgeni wa heshima. Nilitamani kumdharau. Nilijitahidi sana.

Mei 17

Daktari amemrudishia sindano, dozi ndogo kabisa, na kila wiki aende kuonekana. Binti yake ndiye anayemsindikiza. Nimeambiwa hayo na binti, kwa ujumbe wa simu wa mstari mmoja.

Mei 24

Mvua inapungua. Mama wa bima amehamia kwa Mkasi Butu pia. Waende pamoja.

Mei 30, Ijumaa

Nimetoka kwenye ukumbi wa shule.

Walimkabidhi funguo na kitabu cha wageni, akahutubia bila karatasi. Wazazi walijaa mpaka nje. Bado ni mnene, mwalimu mkuu mwenye mwili wake, na alisimama kwa magoti yake mawili saa nzima. Nilikaa mstari wa tatu. Gauni lilikuwa na kosa ambalo nililiona kabla hajafika jukwaani: bega la kushoto limevutwa, mkono umekaa mbele kwa kidole kizima, na kila akiinua mkono shingo inahama upande. Kila aliponyoosha mkono vidole vyangu vilishika pini ambazo hazipo.

Baada ya hotuba aliteremka kusalimia watu. Alipofika kwangu nikampa mkono.

"Hongera, mwalimu mkuu."

"Unaangalia bega."

"Nakuangalia wewe."

"Mwongo."

"Limevuta kidogo," nikasema. "Dakika kumi tu, dada. Nina sindano kwenye mkoba. Twende pale ofisini, hakuna atakayejua."

"Hapana." Alisema polepole, sauti ile ya darasani ambayo haihitaji kupanda. "Mimi najua kwamba limevuta. Nataka nikuone ukiliona na kunyamaza."

Akaendelea kusalimia wazazi.

Nikakaa. Kulikuwa na vinywaji, kulikuwa na picha, kulikuwa na mwakilishi wa wazazi aliyesoma kurasa sita. Mama mmoja kando yangu aliniuliza kama mimi siye fundi, na kama hilo gauni nimelishona mimi. Nikasema hapana, limeshonwa na fundi mzuri wa jirani. Kwa saa mbili na nusu lile bega lilipita mbele yangu likienda na kurudi, na sikutoa neno. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Ilipofika saa tisa nilikuwa nimelowa jasho mgongoni.

Watu walipokuwa wanatawanyika akanijia tena, viatu mkononi.

"Kesho nachoma," akasema. "Siku ya kwanza kichefuchefu kinanisumbua, na binti anarudi chuoni. Utakuja?"

"Nitakuja. Nilete nini?"

"Usilete kitu," akasema. "Njoo umeshakula."